Land Rover yenye kutu: ununue au uiache?

Msimu wa korosho ukichanganya hapa Masasi, Land Rover kuukuu nazo zinaanza kutafuta wenyewe. Mjomba wangu wa Mkomaindo nusura pesa ya msimu mzima iishie kwenye 109 iliyotoka pwani. Bodi inang'aa, rangi mpya. Fundi kaingia uvunguni, kagonga nyundo, chesesi ikatoboka!

Janja iko hapa: bodi yake sehemu kubwa ni aluminiamu, haipati kutu nyekundu. Chesesi ni chuma, tena ina uwazi ndani. Tope na chumvi ya bahari vikikaa humo, inaoza kuanzia ndani. Kwa hiyo:

1. Gonga chesesi kwa nyundo ndogo. Ikilia kwa ukali, nzima. Ikilia bubu, imeoza.
2. Chokoa kwa bisibisi pale springi zinaposhika na chuma cha nyuma kabisa.
3. Inua kapeti, kagua dereva anapoweka miguu. Hapo ni chuma.
4. Chini kumepakwa lami mbichi? Kwangua, huenda inaficha viraka.
5. Namba ya chesesi ilingane na kadi.

Kutu ya juujuu si kesi, unakwangua unapaka rangi. Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri, shusha bei. Chesesi iliyooza, ondoka, hata ukipunguziwa nusu. Fikiria ikikatika kwenye mteremko wa Newala, nyuma umepakia watu!

Mjomba alininunia wiki nzima. Siku hizi haendi kuangalia gari bila nyundo.

Kazi kwenu!