Kibo na Mawenzi (hadithi)

Kibo na Mawenzi ni wahusika wakuu wa hadithi ya jadi ya Wachagga inayoeleza kwa nini vilele viwili vya Kilimanjaro havifanani. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama Soweto, mjini Moshi, huwaona wote: Kibo (mita 5,895) mwenye theluji kichwani, na Mawenzi (mita 5,149) aliyechongoka na kupasukapasuka.

Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, Mawenzi ni mvivu na mjanja. Moto wake umezimika. Anakwenda kuomba kaa kwa Kibo na kumkuta akitwanga ndizi zilizokaushwa. Anapewa moto, anapewa na chakula. Njiani anauzima moto makusudi, anarudi, anapewa tena. Safari ya tatu Kibo anapandwa na hasira, anaushika mchi uleule wa kutwangia na kumponda nao kichwani. Ndiyo sababu ya yale magenge.

Mtoto aliyezoea katuni, ambamo shujaa na adui hutambulika mara wanapotokea, hapa ana kazi ya kufikiri. Mawenzi ana hila, lakini adhabu ya Kibo imezidi kosa mno, na hakuna mzee anayekuja kuwasuluhisha. Ukali huo ndio uzuri wa hadithi hii, na wanaoisimulia upya kwa watoto wasiulainishe.

Kuhusu moto, jiolojia inakubaliana na wasimulizi kwa namna ya kustaajabisha: Mawenzi ni volkano iliyokufa, ilhali Kibo amelala tu, na kreta yake bado hutoa gesi.