Ubakaji, Simu za Mkononi na Haki ya Kusimulia

Agosti 2024 video ya binti akibakwa na kundi la wanaume ilisambaa Tanzania nzima, simu hadi simu. Septemba 30 mwaka huohuo Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma iliwahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Wengi wakasema mitandao imempatia haki. Kauli hiyo inasahau kwamba video ilitoka upande wa wabakaji, si wake. Kila aliyeituma mbele, hata aliyefanya hivyo kwa uchungu, alimdhalilisha upya.

Manusura anayeamua kusimulia yaliyompata ni suala jingine kabisa. Huchagua maneno, wakati na wasikilizaji. Uamuzi huo ndio unaostahili kulindwa, kwa kuwa ubakaji wenyewe ni kunyang'anywa hiari.

Kesi ilisikilizwa faraghani, kama sheria inavyotaka. Nje ya mahakama hapakuwa na staha hiyo. Vyombo vya habari vilimtambulisha binti kwa jina la mtaa wake, na jirani gani angeshindwa kumjua? Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Dodoma alikaririwa akimfananisha na mtu anayejiuza. Jeshi la Polisi likaomba radhi, naye kamanda akahamishwa. Hapo kelele za mitandaoni zilisaidia kweli: zilimbana mwenye mamlaka bila kumwanika aliyeumizwa.

Vijijini mzigo wa kusimulia ni mkubwa zaidi. Nalasi, wilayani Tunduru mkoani Ruvuma, ni eneo la wakulima wa korosho, karibu na mpaka wa Msumbiji. Kwa desturi ya Wayao wa huko, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada zake. Binti aliyebakwa huko akiandika asubuhi kwenye kundi la WhatsApp, mjomba anaweza kupata habari kabla ya adhuhuri, na shinikizo la kuyamaliza kifamilia likaanza hata fomu ya polisi ya PF3 haijachukuliwa. Saa nazo hazisubiri: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72.

Kutaja majina hadharani nako kuna hatari. Uganda, mwaka 2020, Sheena Bageine alikamatwa baada ya kuchapisha Twitter madai ya wanawake ya ukatili wa kingono dhidi ya wanaume waliotajwa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayoadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo.

Hata hivyo, kumwambia manusura anyamaze ni kumtesa mara ya pili. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha kuwa takriban wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote. Mahakama ya Rufani nayo imekwisha kuweka msimamo kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Askari anayeuliza video iko wapi anadai kitu ambacho sheria haikidai. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linalofikika kutoka Nalasi, lenye askari anayejua kusikiliza, lingempa binti mahali pa kwanza pa kusemea. Kuandika Facebook baadaye, au kutoandika kabisa, kungebaki uamuzi wake.