Kituo cha kuosha kahawa: namna koperative inabadili kazi bila kuvunjika

Kandokando ya Ziwa Kivu, kahawa ya arabika ilikuwa kazi ya kila nyumba. Baba na mama wanavuna, wanamenya wenyewe, wanachachusha ndani ya ndoo, wanaanika chini. Kila nyumba na namna yake, na mnunuzi anachanganya zote na kulipa bei ndogo. Wakulima wengi walikuwa wanavuka ziwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuza Rwanda, na kuna waliokufa maji.

Tangu karibu mwaka 2010, koperative kama SOPACDI ya Minova na Muungano ya Kalehe zilileta njia ingine: vituo vya kuosha kahawa. Mashini zenyewe si ngumu. Ngumu ni kubadili mazoea ya watu mamia kwa wakati moja.

Ni kitu gani kinabadilika?

Mkulima haleti tena kahawa iliyokauka. Analeta matunda mekundu, siku ileile ya kuvuna. Yanatiwa ndani ya maji. Yale yanayoelea yanatolewa. Yanamenywa, yanachachushwa, yanaoshwa, halafu yanakaa juu ya meza za kuanika karibu wiki mbili ao tatu, huku wafanyakazi wakichagua mbegu mbaya kwa mkono. Kwa hiyo kahawa yote inakuwa na ubora moja, na koperative inaweza kuzungumza bei na mnunuzi wa mbali.

Ugomvi unaanzia wapi?

Mara nyingi unaanzia kwenye kilo. Kilo 100 za matunda zinatoa karibu kilo 20 za kahawa kavu yenye ganda, na ukiondoa ganda zinabaki karibu 16. Basi bei ya kilo moja ya matunda lazima iwe ndogo kuliko ya kahawa kavu. Mkulima ambaye hakuelezwa hesabu hii anasema: "Wananiiba." Komite iliyojenga kituo kabla ya kufundisha hesabu imeanza na mguu mbaya.

Ugomvi wa pili ni makuta. Mlanguzi analipa papo hapo. Koperative inalipa sehemu ya kwanza siku ya kupima, na ya pili kisha kuuza. Kama sanduku iko tupu wakati wa mavuno, memba atamuuzia mlanguzi, kwa sababu mtoto anafukuzwa masomo leo, si kisha miezi sita. Mkopo wa kununulia matunda unatafutwa mbele ya mavuno.

Maulizo matano ya kujipima

Mwaka 1962, Mmarekani Everett Rogers, mtoto wa mkulima wa Iowa, alitoa kitabu juu ya namna mambo mapya yanavyoenea. Alionyesha mambo matano yanayofanya watu wapokee kitu upesi ao wakikatae. Kwa koperative yanaweza kuulizwa hivi:

1. Faida iko wapi, na memba anaiona mfukoni mwake?
2. Inapatana na maisha yake? Kama kituo kiko mbali saa tatu kwa mguu, haipatani.
3. Inaeleweka? Resibo iandikwe kwa luga anayosoma.
4. Anaweza kujaribu kidogo? Msimu wa kwanza alete nusu ya mavuno, nusu afanye kama zamani.
5. Wengine wanaona matokeo? Bei ya mwisho isomwe mbele ya watu wote.

Nani anapoteza?

Kila mabadiliko yana mwenye kuumia. Mlanguzi anapoteza, na atasema vibaya. Lakini angalia pia mama. Mara nyingi yeye ndiye anabeba matunda mpaka kituoni, lakini kadi ya umemba iko kwa jina la bwana yake na makuta yanapita huko. Koperative yenye akili inaandika wote wawili, na inapatia mama kazi na sauti.

Sheria inasema nini?

Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inafuatwa kwetu pia, kwa kuwa Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Ndani ya mkutano mkuu, kila memba ana sauti moja, hata mwenye hisa nyingi. Tena lazima kuwe watu wa kusimamia komite na kuangalia vitabu vya hesabu. Kwa hiyo mabadiliko makubwa hayaamuliwi na prezida peke yake usiku.

Ukiwa memba, mbele ya mavuno uliza mambo matatu: mizani ilipimwa na nani, makuta ya kununua iko, na bei ya mwaka uliopita ilikuwa ngapi? Komite safi itajibu bila kukasirika.