Misri na Aigupto: Maneno Yanavyosimulia Asili ya Dini

Je, dini ya Kiyahudi na Ukristo zilichota chochote kutoka Misri ya kale? Swali hili huzuka kila tunapofundisha historia ya maneno. Wapo wanaodai kwamba kila kitu kiliibwa Misri, na wapo wasiotaka hata kulisikia. Sisi walimu wa lugha tuanzie tunapopajua, yaani kwenye maneno.

Katika makanisa ya Dzaleka, wilayani Dowa, ambako Kiswahili huwaunganisha wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, waumini husoma habari za Musa na nchi ya Misri. Mjini Lilongwe, umbali wa kilometa zipatazo 45, Biblia ya Kichewa husema Mose na Aigupto. Misri limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania Mitsrayim. Aigupto limepitia Kigiriki, na asili yake ni Hut-ka-Ptah, jina la hekalu la mungu Ptah mjini Memphis. Kumbe jirani zetu Wachewa hutamka jina lililotungwa na Wamisri wenyewe.

Tusonge mbele. Kitabu cha Kutoka hulieleza jina la Musa kwa kitenzi cha Kiebrania cha kutoa majini, lakini wataalamu wengi huliona kuwa ni la Kimisri, lenye mzizi wa kuzaliwa, kama katika Thutmose na Ramesses. Farao ni per-aa, maana yake "nyumba kubwa". Finehasi, mjukuu wa Haruni, ana jina la Kimisri la kumtaja mtu wa kusini, Mnubi.

Ushahidi haukomei kwenye majina. Mwaka 1924 Adolf Erman, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha kwamba Mithali 22:17 hadi sura ya 23 inafanana mno na Mafundisho ya Amenemope, maandiko ya Kimisri yaliyotungwa zaidi ya miaka 1000 kabla ya Kristo. Yote mawili yanakataza kumnyang'anya maskini, kusogeza mpaka wa shamba na kufanya urafiki na mtu wa hasira. Hapa mfuatano wa mawazo ni wa karibu kiasi kwamba wataalamu wengi wanakubali kulikuwa na uazimaji. Kwa upande wa Ukristo, Misri ilitoa tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, iliyoanza Alexandria katika karne ya 3 K.K., na utawa wa jangwani wa akina Antonio na Pakomio.

Lakini si kila mfanano ni uazimaji. Zaburi ya 104 inafanana na utenzi wa Farao Akhenaten kwa mungu jua Aten, ila njia ya kuviunganisha haijathibitishwa. Na madai kwamba mungu Horus alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba akawa na wanafunzi 12 hayamo katika maandiko ya Kimisri.

Kwa nini tuwe wakali hivi? Kwa sababu hadithi za asili zisizo na ushahidi zimekwisha kuua. Mwaka 1863 John Hanning Speke aliandika kwamba watawala wa Maziwa Makuu walikuwa wageni waliotoka Uhabeshi, akiwahusisha na uzao wa Nuhu. Baadaye wengine walitaja Misri pia. Dhana hiyo ilifundishwa wakati wa ukoloni, kisha wachochezi wa Rwanda wakaitumia kuwaita Watutsi wageni, hadi mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka huo huo kambi ya Dzaleka ilifunguliwa.

Tunapendekeza basi zoezi moja darasani. Wanafunzi wachore safu tatu: yaliyothibitishwa, yanayowezekana, na yasiyo na msingi. Kila dai kuhusu Misri liwekwe mahali pake, na anayeliweka aeleze ushahidi wake. Waanze na jina la Musa.