UZI: Ubalozi ukihamia Yerusalemu, bei hulipwa na nani?

1/ Mjadala wa Israel na Palestina ukiwaka huku mtandaoni, lazima mtu aulize: mbona Kenya isitoe ubalozi wake Tel Aviv iupeleke Yerusalemu? Mmoja anajibu kwa Biblia, mwingine kwa Kurani, kisha matusi. Mimi naleta historia tu. Sitaji mwanasiasa wala chama.

2/ Mzozo wenyewe: mwaka 1947 Umoja wa Mataifa ulipendekeza nchi mbili, na Yerusalemu iwe chini ya usimamizi wa kimataifa. Haikuwa. Vita vya 1948 vikaugawa mji: magharibi Israel, mashariki Jordan. 1967 Israel ikateka mashariki. Wapalestina wanataka hapo pawe mji mkuu wao.

3/ Mwaka 1980 Israel ikapitisha sheria kwamba mji wote ni mji mkuu wake. Baraza la Usalama likajibu na Azimio 478: kura 14 za ndiyo, ya kupinga hakuna, Marekani ikajizuia. Nchi zenye balozi mjini humo zikaambiwa ziondoke. Zilikuwa 13. Zote zikafungasha.

4/ Sasa kisa ninachokipenda: Kanada, 1979. Mgombea aliahidi kwenye kampeni kuhamisha ubalozi. Akashinda. Nchi za Kiarabu zikatishia biashara, na kampuni za Kanada zenye kandarasi huko zikaanza kulia. Kufikia Oktoba mwaka huo huo ahadi ikawekwa kando. Ubalozi uko Tel Aviv hadi leo.

5/ Marekani nayo ilikuwa na sheria ya kuhamisha tangu 1995. Marais wakawa wanaiahirisha kila miezi sita, kwa miaka mingi. Ubalozi ulipofunguliwa Yerusalemu tarehe 14 Mei 2018, siku hiyo hiyo Wapalestina wapatao 60 waliuawa kwenye maandamano mpakani Gaza. Maandamano yalikuwa yameanza wiki kadhaa kabla, lakini uhamisho uliongeza hasira.

6/ Paraguay ikafuata Mei hiyo hiyo. Serikali ikabadilika, na Septemba ubalozi ukarudi Tel Aviv. Israel ikakasirika, ikafunga ubalozi wake Asunción. Yaani unaudhi upande mmoja ukienda, na mwingine ukirudi. Mwisho wa 2024 Paraguay ikahamia tena!

7/ Tuwe wa haki. Wanaounga mkono wanasema kila nchi huchagua mji mkuu wake, na Bunge la Israel liko Yerusalemu Magharibi tangu zamani. Ni kweli. Guatemala ilihamia 2018 na bado inasimama. Pia ni kweli. Lakini ukishahama, umetoa jibu juu ya jambo ambalo pande mbili zilitakiwa zilijadili mezani.

8/ Na sisi je? Kenya ilivunja uhusiano na Israel 1973, ikaurudisha 1988. Desemba 2017, Baraza Kuu lilipopiga kura kupinga hatua ya Marekani (128 kwa 9), Kenya haikupiga kura kabisa. Unaweza kuita woga. Mimi naona ni hesabu. Mnunuzi mkubwa wa chai yetu ni Pakistan, na Misri nayo hununua nyingi. Mafuta yanatoka Ghuba. Ndugu zetu wanafanya kazi Saudia na Qatar.

9/ Sisemi nchi hizo zitatuadhibu, hakuna ajuaye. Nasema Kanada ilikuwa tajiri kutuliko mara nyingi na bado ilirudi nyuma. Anayeahidi hupata makofi siku hiyo hiyo. Mkulima wa chai Kericho hapati kiti kwenye jukwaa hilo, ila bili ikija atakuwa wa kwanza kuiona.

10/ Kwa hivyo mwanasiasa yeyote akikuahidi ubalozi Yerusalemu, usimuulize anaamini nini. Muulize: tunapata nini, tunapoteza nini, na akibanwa kama Kanada atafanyaje? Maoni yenu hapo chini, bila matusi tafadhali.