NTA: MALI TULIYOISAHAU NDANI YA SEGA



Ndugu msomaji, mwezi huu wa Ramadhan asali haikosekani mezani. Kuna wanaoinywa na maji ya uvuguvugu wakati wa kufuturu, na kuna wanaoila na mkate wa ufuta. Tukifika Surat An-Nahl, aya ya 68 na 69, tunakumbushwa jinsi Allah (SWT) alivyomfunulia nyuki kujenga nyumba zake, na kinywaji chenye shifa kinachotoka ndani yake. Mazungumzo yetu basi huishia kwenye asali. Nta je? Ile tunayoitafuna kisha tukaitema?

Anza na neno mshumaa. Asili yake ni Kiarabu, sham', maana yake nta. Mishumaa mingi ya dukani siku hizi ni parafini inayotokana na mafuta ya petroli, lakini jina limebaki la nyuki.

Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, alikuwa Makka Ramadhan ya mwaka 579 Hijria, yaani mwishoni mwa 1183 na kuingia 1184. Anaeleza jinsi Masjid al-Haram ulivyotandikwa mikeka mipya na kujazwa mishumaa na taa, na kila madhehebu ikiwa na imamu wake wa tarawehe. Wafanyabiashara wa madhehebu ya Maliki walichangia mishumaa mingi, na miwili mikubwa kuliko yote ikasimamishwa mbele ya mihrabu. Watu hawakuwa na stima. Mshumaa wa shahamu ya mnyama ulitoa moshi na harufu, wa nta uliwaka safi, na kwa hivyo mwenye uwezo alitoa sadaka ya nta.

Na huku kwetu? Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno mmoja, Duarte Barbosa, aliandika kuhusu Mombasa. Anasema watu wa mji waligombana na watu wa bara mara kwa mara, lakini biashara ilikuwepo, na kutoka bara walipata asali nyingi, nta na pembe za ndovu. Hebu tazama, nta imetajwa pamoja na pembe! Shuleni sisi tulisoma habari za pembe na watumwa tu. Yule mrina asali wa bara hakuna aliyeandika jina lake, ilhali jasho lake lilipita katika bandari yetu.

Kuna kazi nyingine ya nta ambayo mimi naiona ni ya ajabu zaidi. Ile siwa ya shaba ya Lamu, iliyokuwa ikipulizwa katika harusi na sherehe za wakubwa, ilitengenezwa kwa nta. Fundi huchonga umbo na nakshi zote kwenye nta, akaifunika kwa udongo, akaichoma. Nta huyeyuka na kutoka, uwazi unabaki, na humo ndimo shaba ya moto humiminwa. Udongo ukivunjwa, siwa imekamilika, wala nta haionekani tena.

Kazi ndogo ndogo nazo ni tele. Fundi wa viatu huvuta uzi wake juu ya bonge la nta ili usikatike wala kunyonya maji. Skrubu iliyopakwa nta huingia kwenye mbao ngumu bila kukwama. Droo inayogoma kufunguka, isugue nta pembeni. Panga lililopakwa nta nyembamba halishiki kutu upesi msimu wa mvua, na viatu vya ngozi vikisuguliwa nta iliyolainishwa na mafuta, umande wa asubuhi hauvipenyi haraka.

Basi ukinunua asali ya masega usitupe makapi. Yafunge kwenye kitambaa, uyatie ndani ya sufuria ya maji, uchemshe polepole. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, hupita kitambaani na kuelea, na maji yakipoa huganda juu. Tumia sufuria kuukuu, maana mama hatakusamehe. Na usiiweke nta peke yake juu ya moto, inawaka! Inakadiriwa nyuki hula kilo 6 hadi 8 za asali ili watoe kilo moja tu ya nta.

Wanaoijua kazi hii vizuri kutushinda ni ndugu zetu Waislamu wa Kiboni, Waaweer, wa Lamu na Ijara. Wao hupiga mluzi na kumfuata ndege anayewaongoza mpaka kwenye nyuki, na baada ya kurina humwachia masega, kwa kuwa ndege huyo hula nta na tumbo lake linaweza kuisaga. Tangu operesheni ya usalama ya Linda Boni ilipoanza mwaka 2015, wengi wao walizuiwa kuingia msituni. Mtoto wa Kiboni aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo ni mtu mzima, na wa kumfundisha mluzi ule ni wazee wa kwao tu.