Florini: Mkali Aliyekamatwa Mwisho

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Juma hili tutazame jinsi usemi huo ulivyotimia katika maabara moja mjini Paris, mwaka 1886.

Wanakemia wanalo kundi la elementi liitwalo halojeni. Zinazojulikana zaidi ni nne: florini, klorini, bromini na iodini. Atomu ya kila moja imepungukiwa elektroni moja tu ili itulie, kwa hiyo huinyang'anya popote inapoipata. Katika ukoo huu mdogo ndiye mkali. Kadiri atomu inavyokuwa kubwa, ndivyo nguvu yake ya kunyang'anya inavyopungua. Klorini huifukuza bromini kutoka katika chumvi yake, na bromini huifukuza iodini. Florini huzishinda zote.

Ukali huo ndio ulioichelewesha. Scheele wa Sweden alitoa klorini mwaka 1774. Iodini ilipatikana mwaka 1811 katika majivu ya mwani, na bromini mwaka 1826. Florini ilijulikana kuwa ipo, lakini kila walipojaribu kuifungua ilishambulia vyombo, na sumu ya asidi yake ikawashambulia watafiti wenyewe. Louyet wa Ubelgiji na Nicklès wa Ufaransa walipoteza maisha katika kazi hiyo.

Ndipo Henri Moissan alipopitisha umeme katika asidi ya florini isiyo na maji, iliyopozwa sana na kutiwa chumvi ya potasiamu, ndani ya bomba la platinamu. Vizibo vyake vilikuwa vya jiwe la floraiti, ambalo lenyewe limejaa florini iliyokwisha kushiba. Aliyeshiba hana sababu ya kunyang'anya. Tarehe 26 Juni gesi ilitoka, na silikoni ilipoguswa nayo ikawaka papo hapo.

Wakubwa wa sayansi walipokuja kushuhudia, mtambo ukagoma. Kumbe safari hii asidi ilikuwa safi mno, haikupitisha umeme! Chumvi ilipoongezwa, gesi ikatoka.

Moissan alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906, akafariki Februari 1907, akiwa na miaka 54.

Leo florini iliyoshibishwa imo katika dawa zetu za meno. Lakini ikizidi katika maji ya kunywa, kama ilivyo sehemu kadhaa za Arusha, huyatia meno madoa na kupinda mifupa. Mkali amefungwa, hakufa. Tusiache kupima maji.